Kushuka Mwamba

Majirani wa Agururu wanasema umenona.
"Saruji imemlipa," wanasema, "tazameni mashavu."
Mimi ninayekufunga vifungo vya shati
najua si mafuta hayo, wala si mshahara.
Ni kidonge, kidogo kuliko punje ya mahindi,
cheupe, kichungu, kina mstari katikati
kama njia ya sisimizi.

Sikichukii. Siwezi.
Nakumbuka usiku ule wa vumbi la kiwanda,
kifua chako kikipiga filimbi,
mabega yakipanda na kushuka kama mivukuto,
nawe umeshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili,
unadai hewa kama mtu anayedai deni lake.
Siku ya tatu ya vidonge ulilala chali.
Ulikoroma, Obbo. Nikalia kwa kukoroma kwako.

Kosa lilianza hapo, kwenye nafuu.
Karatasi ya daktari ilisema siku tano.
Wewe ukaenda kwa Wandera, duka la dawa la kona,
akakumiminia kiganjani bila kuuliza,
ukameza mwezi wa kwanza, wa pili, wa nne:
kikohozi, kidonge; mwasho, kidonge.
Ukamaliza ugali wa ulezi ukatazama sahani yangu.
Ukaanza kuamka usiku kunywa maji,
kutoka nje, kunywa maji.
Kidonda cha kisigino kikagoma kufunga.

Kisha mwenzako wa zamu akakwambia
dawa hiyo inakula mifupa,
ukavitupa vyote chooni siku moja.
Siku moja!
Jumapili ukaanguka penye ndoo,
unatapika, miguu imekuwa uji,
mimi na mwenye bodaboda tumekubana katikati
kama gunia lililopasuka, hadi hospitali.

Athieno, yule muuguzi mfupi, hakutugombeza.
Aliuliza, "Mmewahi kupanda mwamba?"
Nani wa Tororo hajaupanda?
"Mlishukaje?"
Kwa ngazi, nikasema. Pengine kwa matako.
"Hakuna aliyeruka?"
Hakuna aliyeruka akarudi kutusimulia.
"Basi. Mwilini mwake mna kiwanda kidogo
kinachotengeneza dawa ya jamii hiyo hiyo.
Mlipomletea ya dukani kila siku
wafanyakazi walilala.
Muwaamshe polepole."

Sasa kalenda ya mifuko ya saruji iko ukutani,
na mimi nina wembe na kalamu nyekundu.
Vinne wiki hii. Vitatu na nusu wiki ijayo,
daktari akisema; asiposema, hatusogei.
Asubuhi, baada ya uji, si kwa tumbo tupu,
si jioni, maana usingizi wako una mlango mwepesi.
Chumvi nimeificha. Sukari ya damu inapimwa Alhamisi.
Pampu ya kuvuta iko chini ya mto.
Homa ikija, hata ndogo, tunakwenda, hatungoji,
kwa sababu dawa hii humfunika mwizi blanketi
ukadhani ni mtoto wako amelala.
Na kadi iko mfukoni mwa shati:
atakayekuokota njiani aisome kwanza.

Jana Nyafwono alikuja na mwanawe mwenye ukurutu,
akaomba viwili tu,
"vile vya Obbo vinavyoponya kila kitu."
Nilimpa chai. Nilimpa nauli ya kwenda kliniki.
Vidonge sikumpa.
Leo hakunisalimu bombani.
Acha anune.

Usiku naweka sikio mgongoni pako.
Filimbi moja, nyembamba, mbali,
kama mtoto anayechunga mbuzi ng'ambo ya reli.
Nahesabu vipandio vilivyobaki.
Chini hatujafika,
lakini nyasi naziona.