Kaunta Buku

Mwaka huu ulipoanza, tarehe mbili, maana tarehe moja maduka yalifungwa,
nilinunua kaunta buku ya kwaya mbili karibu na stendi,
nikaandika juu kwa kalamu nyekundu, kama niandikavyo kazini:
FURAHA. Mapato na matumizi.

Mimi ni mtunza hesabu, duka la vipuri.
Kitu kisichoandikwa huibiwa, hilo nalijua.
Basi kila usiku, kabla ya kuzima taa,
alama juu ya kumi.

Januari nilitembea. Saa kumi na moja na nusu alfajiri,
toka Majengo mpaka ukingo wa msitu wa Rau,
raba mpya zikinila kisigino,
nikiuambia moyo: furahi basi, unangoja nini?
Nne. Nne. Tano. Nne.

Februari niliacha sukari. Tatu.
Mwanangu Ndeshau alinunua robo kilo kwa hela yake,
akaiweka mezani bila neno.

Machi, kwaya, sauti ya pili.
Mwalimu wetu anaitwa Elifuraha;
sijawahi kumwona akicheka.

Aprili ina kurasa zilizolowa.
Bati lilivuja juu ya kitanda, juu ya daftari,
wino ukawa kiziwa cha buluu,
sasa sijui wiki ile nilikuwa sita, au tisa,
au kama nilikuwepo.

Mei, dada yangu Aikaruwa.
Miaka sita hatujasalimiana kwa ajili ya kihamba cha baba:
mstari mmoja wa migomba,
ukiupima kwa mguu, hatua kumi na nane.
Nilikata jani la isale, nikalifunga fundo kama alivyofunga bibi,
nikapanda nalo Kibosho ndani ya mkoba, katikati ya risiti.
Isale haikataliwi. Hakuikataa.
Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati,
akaniuliza kama nimekula.
Hatukulia. Nilidhani tungelia.
Usiku ule niliandika tano, nikaifuta,
nikaandika tano.

Juni na Julai mlima haukutoka.
Wingu lilikaa kama mgeni asiyejua kuaga,
wazungu wakapiga picha za wingu.
Nilikaa dukani na sweta, nikihesabu boliti,
mtu akiniuliza habari nasema nzuri,
kwani nani atauza boliti huku anaeleza moyo?

Kisha tarehe saba Agosti.
Nane.
Mbele yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, neno moja:
ndizi.

Sikumbuki.

Leo ni Desemba, mji umejaa magari ya Dar,
mashangazi wanashuka na magunia ya mchele,
nami nimejumlisha, nimegawanya: wastani nne nukta tisa.
Mwaka wa nyuma hauna daftari, sina cha kulinganisha.
Mkaguzi yeyote angenitupia kitabu hiki usoni.
Lakini ndizi gani?
Mshare? Kimalindi? Mzuzu ya kukaanga?
Nilipewa? Nilimenya na nani?

Ndeshau anasema ni siku ile umeme ulipokatika,
tukapika mtori kwa kuni jikoni nje,
moshi ukatutoa machozi,
nikasimama na mwiko nikimwiga Elifuraha anavyokemea sauti ya kwanza.
Aikaruwa, kwenye simu, anasema si hivyo hata kidogo:
ni mkungu alioniletea dukani
ukamponyoka, ukatua kwenye mguu wa bosi,
bosi akasema "Yesu wangu!" mbele ya wateja.

Wote wawili wana hakika.
Mimi nimebaki na namba.

Kurasa tupu ni kama arobaini.
Ndeshau anaziomba kwa ajili ya fizikia.
Nimemwambia achukue,
ila achane kuanzia nyuma, taratibu,
asije akanifikia Agosti.