Vidole Viwili Nyuma ya Jicho

Bi harusi wa Makorora, picha mia tatu na kumi:
sikio kali, hereni kali,
hata uzi uliochomoza kwenye shela unahesabika,
macho ukungu.
Inayofuata, shwari. Inayofuata, ukungu tena.
Afadhali ingekosea kila mara, ningejua pa kuishika.

Mamake, Bi Mwanakombo, ameshapiga simu mara mbili.
Nasema, "Zinasafishwa."

Usiku, chumbani kwangu Ngamiani,
nimepanga betri tano mshazari juu ya meza,
rula ya mwanangu pembeni.
Nalenga ya tatu. Inatoka ya nne.
Nalenga ya tatu. Inatoka ya tatu.
Navua lenzi, nasugua vile vinundu vya shaba kwa ufutio;
chumvi ya Tanga hula hata kitasa, sembuse hivi.
Nazima vidoa vyote vya fokasi, nabakiza cha katikati.
Ya nne.

Ndipo Shekue, fundi redio wa chumba cha pili,
aliyekuja kuomba kiberiti tu,
akasema, "Iweke juu ya vitabu. Usiishike."
Msahafu hapana. Kamusi, ndiyo, na tofali moja.
Ya tatu. Ya tatu. Ya tatu.
Mara kumi na mbili, ya tatu.

Nikakaa kitandani.
Kumbe nikishalenga, kabla sijabonyeza,
nasogea mbele, vidole viwili hivi,
kama mtu anayetaka kusikia vizuri.

Hilo halina bisibisi.
Kesho nitampigia Bi Mwanakombo.
Nitaanza na hereni.