Kovu la Reimer

Trekta haijafa. Imeteguka kiuno tu:
nusu ya mbele inatazama Urusi, ya nyuma inatazama kwetu,
na katikati, pale inapojipinda ili igeuke,
chuma kimeachama.

Orynbek amezima injini, amekaa kwenye ngazi,
anapasua mbegu za alizeti kwa meno, anatema maganda.
"Siku tatu," ananiambia. "Udongo una unyevu wa siku tatu.
Baada ya hapo tutakuwa tunawapandia ndege."
Haniambii nifanye haraka. Amenitajia udongo, basi.

Karakana iko kilomita arobaini. Tani kumi na tatu hazibebwi mgongoni.
Mgonjwa huyu hospitali ndiyo humfuata:
gari bovu kuliko yeye, jenereta, jeki mbili,
magogo ya nguzo ya umeme iliyoanguka, spana ndefu kama mkono wangu,
na Daulet, mwaka wa kwanza, anayedhani ufundi ni misuli.

Tunaweka jeki. Jeki inazama.
Nyika ya Mei ni uji chini ya ukoko.
Tunaweka gogo chini ya jeki, gogo nalo linazama,
linaguna, linatafuta pa kusimama,
mpaka gogo la tatu ndipo ardhi inasema haya.
Simruhusu kijana aingie chini. Naingia mimi.
Miaka thelathini na moja naingia chini ya vitu
vinavyoshikiliwa na neno langu tu.

Huku chini pana harufu ya grisi iliyoungua.
Nakwangua tope. Nakwangua rangi. Chini ya njano
pana njano nyingine, ya nchi ambayo haipo tena,
na chini yake namkuta Reimer.

Namjua kwa mkono. Kila mchomeleaji ana mwandiko,
na huyu alichomelea kama bibi anayefuma soksi,
pindo fupi, pindo fupi, hakuna pengo, hakuna tone la ziada.
Ilikuwa mwaka wa njaa ya vipuri,
masika moja kabla hawajafunga masanduku, mtaa mzima,
wakaenda Ujerumani, nchi ambayo hata babu zao hawakuiona.
Mbwa wao walikaa barabarani wiki nzima.
Mimi aliniachia glavu. Nilikuwa na umri wa Daulet.

Nafuata ufa kwa kidole.
Unashuka, unaukaribia mshono wake, kama unaupigia hodi,
kisha unaukwepa. Umepasua chuma cha kiwandani,
chuma kizima, ambacho hakijawahi kuumia.
Kovu limeachwa lilivyo.

"Vipi?" anauliza Orynbek kutoka juu.
"Ngoja."
"Ni kubwa?"
"Nimesema ngoja."

Jenereta inakohoa, inakubali.
Natoboa tundu ufa unapoishia, usitembee tena,
nauchimba mpaka mzizi, napasha chuma pole pole,
na nikiteremsha barakoa dunia yote inabaki
nukta moja ya kijani, na mkono wangu ukiifuata.

Halafu kungoja. Hili ndilo linawashinda vijana.
Chuma cha moto kikipigwa na upepo hupasuka kwa kinyongo,
kwa hiyo nimevua koti, nimekifunika kama ndama wa Machi.
Orynbek anamimina chai. Kipozamataza mmoja
yuko juu mno, haonekani, anagomba peke yake.

Kilipopoa namwita Daulet. Ingia. Usiguse. Tazama.
Mishono miwili hiyo. Upi wangu?
Anaunyoshea kidole bila kusita,
ule wenye matone, unaoyumba.
Vizuri, namwambia. Macho unayo.

Saa tisa alasiri, injini. Moshi mweusi, wa kijivu, halafu hewa tu.
Inajipinda kushoto. Inajipinda kulia.
Nimelala kifudifudi matopeni, nasikiliza.
Inalia kwingine, beringi ya nyuma. Hiyo ya Juni.

Orynbek hapungi mkono. Ameshusha mashine ya kupandia,
na vumbi linamficha.
Koti langu limeungua mfukoni. Kijana anakusanya magogo;
la tatu limekataa kutoka.