Talaka Tatu

Pigo lile lina jina lake la kiwandani,
herufi za Kijapani asizoziweza mtu hapa Wete.
Sisi tunaliita Talaka Tatu:
chini, mbele, chini tena, kitufe cha mviringo
ambacho hakina kazi nyengine,
na jitu la mkanda mwekundu linanyanyua mkono,
skrini inageuka nyeupe, mara tatu,
na baada ya hapo hakuna kurejeana.

Gemu iko chumba cha mbele, nyumbani kwetu Limbani,
chumba kilichokuwa cha baba.
Mia mbili raundi.
Mama anakaa mlangoni na kopo la maziwa ya unga,
anasikiliza sarafu zikianguka, haangalii skrini.
Mimi natengeneza padi:
bisibisi ya saa, spiriti, pamba.
Chumvi ya hewa hii inakula shaba kama mchwa.

Usidhani Talaka Tatu inapigwa sana.
Ukikaa nasi mwezi mzima utaiona labda mara nne,
na tatu kati ya hizo ni za watoto,
wanaoitamka ovyo, inapita hewani,
kisha wanachapwa mgongo wazi.
Kazi yake ni nyengine.
Tazama ule mstari wa chini unavyojaa, buluu, manjano.
Ukifika mwekundu, chumba kizima kinashusha sauti.
Aliyekuwa akiruka haruki.
Aliyekuwa akija anasimama hatua mbili nje ya mkono,
anaziba, anaziba,
anakubali viteke vya miguuni,
kimoja, kimoja,
kwa kuogopa kile kikubwa.
Anakufa hivyo, kwa rejareja,
na aliyemuua hajatumia kitu.

Faki Shaame wa Jadida hajafungwa tangu Iddi ya mwaka juzi.
Anakuja na padi yake mwenyewe, ndani ya soksi,
aliyoletewa na kaka yake kutoka Maskati.
Hajapiga Talaka Tatu hata siku moja.
"Hatujamlazimu," wanasema wenzake.
Khatib anaapa aliiona Chake, usiku, umeme ukakatika hapo hapo.
Asaa anasema yakhe, si Chake, ni Mkoani,
na umeme haukukatika.

Juzi ile soksi ikaja kwangu: waya umelegea karibu na shingo.
Nikafungua skrubu nne.
Waya ni kazi ya dakika tano.
Lakini chini ya kitufe cha mviringo
raba imeoza, shaba imekuwa kijani,
kutu ya miaka, si ya jana.
Kitufe kile hakijasema neno tangu kije kisiwani.

Nikamwambia nina raba ya akiba.
Akatazama nje, kwa mama, kwenye kopo.
"Kiache," akasema. "Funga waya tu."
Akalipa mia tano, hakutaka chenji.

Usiku tukichagua mchele
nikamuuliza mama kama baba aliwahi.
Hakuuliza aliwahi nini.
"Hata siku moja.
Ilikaa mdomoni mwake miaka kumi na tisa.
Nikiipikia. Nikiifulia kanzu.
Akisafisha koo tu, napunguza redio."
Akatoa kijiwe, akakitupa.
"Alikufa nayo. Sijui hata kama angeiweza."

Ijumaa, fainali, mimi na Faki.
Watu mpaka dirishani, vidole vinanuka karafuu.
Damu yangu nusu, yake robo.
Mruko mmoja, teke, basi, imekwisha.
Mstari wake ukafika mwekundu.
Chumba kikashusha sauti.
Mlangoni sarafu zikanyamaza,
na pembeni mwa jicho nikamwona mama amegeuza shingo,
mara ya kwanza, anaangalia skrini.

Ruka, nikakiambia kidole.
Kitufe kimekufa, nimekiona kwa macho yangu, ruka.

Kidole kikarudi nyuma.
Kikaziba.
Faki akasogea hatua moja,
akanipiga teke dogo la mguuni.
Kisha jengine.