Siku ya Tisa, Kutoka Kayenze

Saa kumi na moja alfajiri Kabula anakunja hema
polepole, kama anayemvua mgonjwa shati.
Umande umeingia mpaka kwenye zipu.
Mgongo wangu unaujua mkoba kabla sijauinua:
kilo kumi na nne, na mikanda iliyokwisha kuchora
njia mbili nyekundu mabegani,
njia ambazo ramani ya Nkwabi haina.

"Unachechemea," anasema Nkwabi.
"Natembea kwa mkato."
Malengelenge matatu, mguu wa kushoto.
Nimeyapa majina ya mahali yalikozaliwa:
Bunda, Lamadi, na hili changa, Nyanguge,
ambalo bado linalia.

Ufukweni dagaa wameanikwa mchangani,
na wanawake wanapita katikati yao wameinama.
"Mwangaluka," tunawasalimu.
Mmoja anatupima kuanzia viatu hadi kofia.
"Gari limewaharibikia wapi?"
Halijaharibika, mama. Hatukuwa nalo.
"Yaani nauli mnayo, na mnatembea?"
Anacheka mpaka anakaa chini.
Hadi tunapoipita mitumbwi ya mwisho
bado natafuta jibu la kumtosha.

Ziwa mkono wa kulia, siku nzima.
Mawe yamebebana juu ya mawe,
meupe vichwani kwa kinyesi cha ndege,
na minandi wamesimama mabawa wazi
kama nguo za mtu asiye na haraka ya kuzianua.

Miaka sita hatukuonana, sisi tuliowahi
kugawana kijiti kimoja cha kiberiti chenye unyevu.
Siku nane za kwanza tumezungumza viatu, maji, bei ya mkate.
Leo, kwenye mwinuko, katikati ya pumzi mbili,
Kabula anasema ndoa yake iliisha mwezi wa tatu.
Hatugeuki. Njia ni nyembamba,
kila mtu anaona kisogo cha mwenzake,
na kisogo hakihukumu.
Nkwabi anarudisha mkono nyuma bila kutazama:
kiganja cha michembe.
"Tafuna taratibu. Inavimbia tumboni."
Tunatafuna. Mwinuko unakwisha. Kabula anaanza kupiga mluzi.

Igombe, saa saba, jua limetukalia utosini.
Kando ya banda la kutengeneza injini za boti
Mafuru amekaa juu ya mkoba wake.
Amenenepa. Ndevu zina jivu.

Mara ya mwisho ilikuwa mdomoni mwa mto Simiyu:
yeye alisema kushoto, mimi nikasema kulia,
na kulia kwangu kukatulaza kwenye matete,
wanne, wima, mbu wakitusomea hesabu.
Kulipokucha alishika njia yake
na kikombe changu cha bati kimo mkobani mwake,
kwa bahati mbaya au kwa haki, sikuuliza.

Sasa anakitoa. Nakifahamu kwa kovu la moto chini.
Zamani kilikuwa kimebonyea ukingoni.
"Mdomo nimeunyoosha," anasema.
"Wangu bado," namwambia.
Kabula anageukia ziwani ili acheke vizuri.
Hakuna aliyesema samahani.
Mafuru alifungua mkoba wangu kama wake,
akatoa sufuria, kamba, mfuko wa mchele,
akavipakia kwake, akakaza mikanda.
"Twendeni. Safari hii mbele nakaa mimi."

Tulifika Bwiru giza likiwa limekwisha kuingia,
taa za mji zikitapakaa vilimani,
na hatukuzungumza juu yake.
Chai ilikuwa moja, kikombe kimoja,
kikazunguka kikiunguza vidole vinne vinne.
Nilipovua soksi nikaliona: lengelenge la nne,
jipya, la mguu ule mzima.
Nikamgeukia Mafuru alipe jina.
Alikuwa amekwisha lala, viatu miguuni,
na mkono juu ya mkoba wangu.