Thamani ya Ndoa

Stockport, ghorofa ya tatu, dirisha linalotazama reli.

Kwangu ni hapa. Hilo halina ubishi.
Ukiniuliza kama ni yangu,
ngoja kwanza nivae miwani.

Wilf aliinunua mwaka tisini na tisa,
mimi pembeni nimeshika kalamu ya akiba
endapo yake ingegoma, kama kawaida yake.
Karani akasema, "Miaka tisini na tisa,"
tukacheka: mwaka tisini na tisa, miaka tisini na tisa,
kama namba za bahati nasibu.
Mtu wa miaka hamsini atahesabu tisini na tisa ya nini?
Tuliona ni milele iliyopigwa muhuri.

Kumbe milele ilikuwa inavuja
mwaka kwa mwaka, kama lile bomba la bafuni
ambalo Wilf angelitengeneza Jumamosi.

Nausoma mkataba upya. Kurasa arobaini na mbili.
Nisianike nguo kwenye roshani.
Nisifuge mbwa, wala njiwa, wala kiumbe chochote.
Nisipige kinanda baada ya saa tano usiku.
(Sina kinanda. Ila tangu nisome hilo
vidole vinaniwasha.)
Nisibadili mlango bila idhini,
na idhini ni pauni mia mbili na kumi.
Paa likivuja, paa si langu;
bili ya paa ndiyo yangu:
elfu sita na mia nne, nimelipa kwa mafungu,
na ndoo bado iko ngazini.

Nguo ya kuazima haisitiri matako.
Mimi nimejitanda kuta za kuazima
miaka ishirini na moja, nikijiita mwenye nyumba.

Mwenye ardhi hajawahi kupanda ngazi hizi.
Ni kampuni yenye sanduku la posta kisiwani Jersey
na sahihi kama unywele ulioanguka.
Kila Januari nawatumia kodi ya udongo
ulio chini ya sakafu za majirani wawili.

Sasa nauza. Magoti yamekataa ngazi.
Walikuja vijana wawili, Imogen na Kieran,
wakapima sebule kwa hatua.
"Treni zinatuliza," alisema binti, nikampenda papo hapo.
Halafu wakili wao akaandika:
imebaki sabini na minane.
Mama aongeze miaka, au apunguze bei.

Bwana Pargeter, ofisi yake juu ya duka la viatu,
alinieleza polepole, kama anayebandua plasta.
Muda ukishuka chini ya themanini
kuurefusha kunaongezewa kitu, kinaitwa
thamani ya ndoa.
Muda wako na ardhi yao vikioanishwa, bei inapanda;
nusu ya kilichopanda ni chao.

Nilimwomba arudie.

Wilf alifariki Februari
tukiwa na themanini na miezi minne.
Fomu ilikuwa kwenye droo, imejazwa hadi nusu,
wino umekatika katikati ya jina letu.
Miezi minne ile nilikuwa nazika. Sikuwa nahesabu.

Miaka arobaini na minne ya ndoa,
hakuna aliyewahi kuipigia hesabu,
hata sisi wenyewe siku tuliponuniana.
Leo anayeijua bei yake ni sanduku la posta.

"Jambo jema," akasema Pargeter,
"ukirefusha, kodi ya ardhi itakuwa
punje moja ya pilipili manga kwa mwaka.
Ni lugha ya sheria tu, hawaidai."
Pilipili usiyoila yakuwashia nini?
Hii siili, na macho yananitoka machozi.

Elfu kumi na tisa na ushei
kununua miaka tisini ya kumwachia Imogen.
Nikatia sahihi kwa kalamu ya akiba. Haikugoma.

Jioni nilifungua kabati la viungo,
nikachagua punje moja, iliyo nzima, nyeusi,
nikaitia kwenye bahasha, nikaandika Jersey.

Stempu ilizidi kodi.