Kiinua Mgongo

Siku tisini na moja kabla ya kuvua gwanda
nilisukuma kochi hadi ukutani,
nikatandika mkeka wa mpira, rangi ya zambarau,
wa nusu bei kutoka sokoni Bielsko,
nikajiamrisha kwa sauti ndogo:
Mguu sawa.

Hakuna aliyesogea.

Miaka ishirini na miwili kipenga kiliniamsha,
kipenga kikanilisha, kipenga kikanilaza.
Sasa ni mimi na friji inayokoroma,
theluji imejibanza dirishani kama mdai,
na goti la kushoto, lile lililotua vibaya
kwenye shamba la viazi, upepo ukiwa wa ubavuni,
linauliza: kwa amri ya nani?

Ratiba nimeiandika nyuma ya bili ya gesi.
Jumatatu: kuchuchumaa mara kumi na tano, kiti nimekishika.
Jumanne: mabega, kwa begi la mgongoni,
ndani yake kilo sita za dengu na kamusi ya Kijerumani.
Jumatano nimeiacha tupu.
Jeshini hakukuwa na Jumatano tupu.
Niliitazama muda mrefu, kama jino lililong'oka.

Wiki ya kwanza niliruka kamba.
Bi Halszka wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio.
Ni muuguzi, zamu ya usiku, hulala watu wakiamka.
Tukakutana ngazini. "Sarjenti Gluza," akasema,
"ruka saa tisa alasiri,
au jifunze kutua kama paka."
Kutua! Mimi!
Nilicheka mpaka goti likaniuma.

Kwenye ofisi ya wanaoaga jeshi
kijana mwenye tai akaniuliza, una ujuzi gani?
Nikasema: nakunja.
Nakunja miavuli. Mkunjo juu ya mkunjo,
kamba baada ya kamba, sahihi yangu kwenye kadi,
kisha mtoto wa mtu anaibeba mgongoni na kujirusha mlangoni.
Yote niliyoikunja ilifunguka.
Akaandika: Ghala.

Sikwenda ghalani. Jumamosi nilikwenda kwa Mzee Ambroży,
fundi makochi nyuma ya stesheni,
mikono yake imeanza kutetemeka.
Hana mshahara wa kunipa miezi sita ya mwanzo.
Akanipa sindano iliyopinda kama ukucha wa mwewe
na kiti cha mjane fulani, spiringi nje.
Nilishona nikiwa nimeinama, saa nne mfululizo,
nikivuta pumzi kwa hofu ya zamani.
"Taratibu," akasema. "Huku ukikosea hafi mtu.
Anakaa vibaya tu."

Nilirudi nyumbani nimepinda kuliko sindano.

Fedha zitaingia Machi. Karatasi zinasema: kiinua mgongo.
Nimezisoma nikiwa chali juu ya mkeka,
magoti juu, kiuno kikiachana na sakafu
kidogo, kikirudi, kidogo tena.
Serikali itaweka zloti benki.
Mgongo wenyewe nitauinua mimi,
pingili kwa pingili, kabla ya chai.

Leo, ya kumi na moja, nikiwa bado chali,
nikaona tumbo la kochi langu.
Miaka tisa nimelikalia, sikujua:
mikanda imelegea, mmoja umekatika,
misumari inaning'inia.
Nikanyosha mkono. Nikavuta mkanda, nikapima kwa shibiri.
Hesabu ilipotelea wapi, sijui.
Nikalala pale, kichwa chini ya kochi,
nikifikiria uzi wa kitani, nyundo ndogo,
na Jumatano.

Chini, Bi Halszka akagonga mara mbili.
Saa tisa ilikuwa imepita na sikuwa nimeruka.

Nikapiga kisigino sakafuni mara moja.
Nipo.